Moshi wa Bunduki ya Upepo

Marehemu alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake uani, kichwa kimeegemea ukuta, kama mtu aliyepitiwa na usingizi baada ya kushiba. Mbele ya magoti yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda birika la bati. Chai ndani yake ilikuwa vuguvugu. Kola ya shati lake, upande wa kushoto, ilikuwa imelowa damu.

Inspekta alichuchumaa akaitazama shingo. Tundu lilikuwa dogo ajabu.

"Bastola, afande," alisema sajini. "Majirani wote wamesikia mlio."

"Bastola gani inatoboa tundu la namna hii?"

"Ndogo."

"Ndogo kiasi gani? Ya mdoli?"

Sajini akafungua daftari lake. Alikuwa askari mzuri, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kukata shauri, na kazi mojawapo ya Inspekta ilikuwa kumrudisha nyuma kila alipokimbilia jibu. Yeye mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, alikuwa na ila moja ambayo wakubwa wake hawakuacha kuisema: jambo dogo lisiloeleweka lilimsumbua kuliko kesi yenyewe.

Marehemu alijulikana mtaa mzima. Alikuwa katibu wa klabu ya kulenga shabaha, ile ya bunduki za upepo, na watu walimwita Bwana Kanuni. Jina lilimkaa barabara. Alikuwa mtu wa kumtoa mwanachama uwanjani kwa sababu ya kamba za viatu. Aliishi peke yake, na alasiri zote alikunywa chai yake mahali pale pale, akiutazama uwanja mtupu ulioko nyuma ya nyumba.

Daktari wa maiti alimaliza kazi mapema. Alimletea Inspekta kipande cha madini kwenye kisahani.

"Si bastola," alisema. "Hiki ni kidonge cha bunduki ya upepo. Kimepasua mshipa mkubwa, kikapondeka kwenye mfupa wa shingo. Kingepita pembeni kidogo tu, huyu bwana angekuwa kituoni kwenu sasa hivi anawasomea sheria."

"Alama za mtutu?"

"Zimefutika. Hupati cha kulinganisha hapo."

Ng'ambo ya uwanja mtupu kulikuwa na nyumba moja tu iliyoelekeana na ua wa marehemu, na nyumba hiyo ilikuwa na bunduki za upepo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyeitwa Fundi Saa, ambaye alitengeneza saa za watu mpaka macho yakamwambia basi kwa vitu vya karibu. Ya pili ilikuwa ya mkwe wake, dereva wa lori, aliyekuwa akikaa hapo na mkewe mwenye ujauzito wa miezi ya mwisho. Vidonge vya bunduki zote mbili vilikuwa na upana uleule. Ila ya dereva ilikuwa mpya, na nguvu zake zilikuwa gumzo klabuni. Bwana Kanuni alikuwa ameipiga marufuku, na dereva alikuwa amemjibu kwa maneno ambayo hayasemwi mbele ya wazee.

Kabla jua halijazama dereva alikuwa rumande.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Nimetoka safari."

"Nani alikuona?"

"Mtu akilala nani anamtazama, afande?"

"Mkeo."

"Mke wangu alikuwa kliniki na mama mkwe."

"Ulimwambia marehemu utamtia adabu."

"Nilimwambia. Nimewaambia wengi. Wazima wote mpaka leo."

Sajini alitabasamu kwa kuridhika. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Inspekta naye angekubali yaishe, lau si dobi.

Dobi alikuwa juu ya paa la nyumba ya tatu akianika mashuka. Alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa, na alianza mbali, tangu hali ya hewa ya asubuhi.

"Mlio," Inspekta alimkatiza.

"Ulikuwa mlio hasa, mama. Paa! Kama bunduki ya askari. Nikaangusha shuka la watu. Kugeuka, naona moshi unatoka kwenye ile nyumba, upande wa madirisha."

"Dirisha la nani?"

"Hapo nitakuwa nadanganya. Moshi niliuona. Wa rangi ya buluu hivi, kama wa pikipiki mbovu."

Walipokuwa wakishuka ngazi, sajini alitikisa kichwa. "Anapiga chuku, afande. Bunduki ya upepo haina baruti. Springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma kidonge. Moshi utoke wapi?"

"Ndilo nataka kujua," alisema Inspekta.

Asubuhi yake Fundi Saa alifika kituoni kwa miguu yake, amevaa koti safi, na kitu kirefu kimefungwa kwenye shuka. Alikilaza mezani polepole. Ilikuwa bunduki ya zamani, ya kuvunjwa katikati ili kuijaza, kitako chake kimeng'aa kwa mkono wa mtu mmoja kwa miaka mingi.

"Mkwe wangu mwacheni," alisema. "Ni mimi."

Inspekta alimvutia kiti. "Keti, mzee. Wewe ndiye uliyempiga?"

"Ndimi."

"Kwa nini?"

"Alinivunjia heshima."

"Vipi?"

Mzee aliisogeza bunduki kando. Klabu ile, alisema, aliianzisha yeye. Wote wale aliwafundisha yeye namna ya kubana pumzi kabla ya kufyatua, na Bwana Kanuni akiwemo. Juzi, mbele ya wanachama wote, katibu aliichukua bunduki yake akasema ni lazima ipimwe. Akapiga boksi la karatasi. Kidonge kikagonga boksi kikaanguka chini. "Akaniambia nikaitumie kufukuzia kuku. Watu wakacheka. Wanafunzi wangu, mwanangu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu."

"Ukamlenga shingo."

"Andika hivyo."

"Sikuulizi niandike nini. Nauliza ulilenga nini."

"Andika shingo."

"Na moshi?"

Hapo uso wa mzee ukajifunga. Kwa mara ya kwanza Inspekta aliona hofu machoni pake, na haikuwa hofu ya jela, kwa maana jela alikuwa ameijia mwenyewe na koti lake safi.

"Moshi gani?" alisema. "Sijui habari za moshi."

Bunduki ilipelekwa maabara. Mtaalamu wa silaha, bwana mnene wa kucheka hovyo, aliipiga mara kadhaa kwenye mashine ya kupimia mwendo, kisha akampigia simu Inspekta.

"Nani kakuletea kifimbo hiki?"

"Muuaji, kwa maneno yake."

"Basi kamuua kwa kumpiga nacho kichwani. Kwa umbali wa kutoka ile nyumba hadi ule ua, kidonge kinafika kimechoka. Kingemwachia alama nyekundu, akajikuna, akamaliza chai yake."

"Ina mlio?"

"Inakohoa."

"Na ile ya dereva?"

"Ile ina nguvu za kutosha. Lakini nayo haipigi kelele kama unavyosema, na moshi haitoi hata chembe."

Sajini aliposikia alipiga kofi mezani. "Si nilisema? Mzee anajitoa mhanga kwa ajili ya mkwewe. Binti yake ana mimba, afande. Mzazi gani angekubali mjukuu azaliwe baba yuko kitanzini?"

Maneno yalikuwa na akili. Hata dereva, alipoelezwa, alishika kichwa. "Baba hana akili," alisema. "Yule mzee hajaua hata panya. Mwambieni aende nyumbani." Kisha akalia, dereva wa lori mzima, akijifuta kwa mkono wa shati.

Inspekta alirudi ofisini kwake akafunga mlango. Alikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa na bunduki inayoweza kuua, na alikana. Mwingine alikiri, na bunduki yake haiwezi kuua. Mkuu wa kituo alitaka dereva afikishwe mahakamani kesho yake kwa mauaji ya kukusudia, na Inspekta alijua kwamba mtu akishaingia katika njia ile, kumtoa ni kazi ya miaka. Kilichomzuia kutia saini kilikuwa ule moshi.

Akaivaa miwani yake vizuri akaenda maabara.

"Nifundishe kupiga," alimwambia mtaalamu.

Walitoka kwenye uwanja wa nyuma. Mtaalamu aliweka kiti, juu yake akaegemeza gunia lililojazwa mchanga, mbele ya gunia akaweka kopo juu ya tofali, kisha wakarudi nyuma mpaka umbali uleule. Inspekta alilala kifudifudi na bunduki ya mzee. Alilenga kopo, akabana pumzi, akafyatua. Vumbi liliruka ardhini mbali sana kabla ya kopo.

Mtaalamu akacheka. "Kidonge kinyonge kinaanguka njiani. Ukitaka kopo, usilenge kopo. Lenga juu yake."

"Juu kiasi gani?"

"Kwa bunduki hii? Karibu urefu wa mkono mzima. Mtu aliyeizoea anajua hilo bila kufikiri. Lenga ncha ya juu ya gunia."

Inspekta alilenga ncha ya gunia, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa. Akafyatua. Muda si muda kopo likalia ting.

Hakuinuka. Alibaki amelala pale chini, shavu limegusa kitako, akatazama kopo, kisha gunia, kisha kopo tena.

"Umepata!" alisema mtaalamu. "Mbona umenuna?"

"Nimelenga uso," alisema Inspekta, "nikapiga birika."

"Birika lipi?"

"Niambie. Kitu gani kinaweza kuifanya bunduki hii ipige kwa nguvu mara moja, ikatoa mlio na moshi, halafu ikarudi ilivyokuwa?"

Mtaalamu aliacha kucheka. Alijikuna kidevu, kisha akasema, "Njoo tuifungue."

Aliibana bunduki kwenye jiriwa, akakaza kifaa cha kuzuia springi isimrukie usoni, akatoa msumari mmoja mmoja. Springi ilitoka imekatika pindi moja, na mkato ulikuwa mpya, unang'aa. Halafu akaitoa pistoni. Wosha ya ngozi iliyo kichwani mwake, ile inayoziba hewa isivuje, ilikuwa imeungua ukingoni, nyeusi tii. Inspekta aliinusa. Ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Mafuta," alisema mtaalamu. "Mtu katia mafuta mbele ya pistoni. Sasa, pistoni ikienda kwa kasi inabana hewa, hewa inapata moto, mafuta yanawaka. Ni kama injini ya dizeli. Badala ya upepo unapata mlipuko. Kidonge kinatoka kama kimefukuzwa na shetani, moshi unatoka nyuma yake, na springi inakatika. Piga mara chache zaidi, mafuta yamekwisha, bunduki imerudi kukohoa. Tena hii imekuwa mbovu zaidi kuliko kabla."

"Na kidonge cha namna hiyo kinaanguka njiani?"

"Kidogo sana. Kinakwenda karibu na pale ulipolenga."

Inspekta aliketi kwenye stuli. Mtu asiyejua bunduki angelenga birika, angepiga birika au ardhi. Ni bingwa peke yake ambaye angeinua mtutu mpaka usoni.

"Fundi Saa angetia mafuta hapo?" aliuliza.

"Hata akiwa usingizini asingetia. Mtu anayejua hupaka grisi kidogo kwenye springi, na pale mbele haweki kitu. Hili ni kosa la mtu mwenye nia njema. Ameona kitu kinalia, akakitilia mafuta."

Mke wa Fundi Saa alikuwa barazani, anashona. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa, na tangu mumewe ajipeleke polisi hakuwa ameacha kushona, kwa sababu alisema mikono ikikaa bure atapiga mtu. Alimwekea Inspekta chai. Pembeni mwa cherehani kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta yenye mdomo mrefu.

"Mume wangu ni mwongo," alisema. "Anamficha mkwe, na mkwe naye hajafanya kitu. Nyinyi tafuteni huko nje."

"Tunatafuta, mama. Siku ile bunduki ya mzee ilikuwa wapi?"

"Kwenye chumba chake cha kazi, alikokuwa akitengenezea saa. Alirudi kutoka klabuni jana yake, chakula hakugusa. Akawa anaivunja ile bunduki na kuifunga, anaivunja na kuifunga, inalia kama mlango wa choo. Kulia kwake ndiko kuliniuma. Nikasema moyoni, hata hicho kikongwe chake kinamlilia."

"Ukafanyaje?"

"Asubuhi alipotoka kwenda dukani niliifungua nikaitilia mafuta ya cherehani kwenye kile kitundu cha hewa. Ikanyamaza. Nikaipangusa vizuri. Nilitaka aikute laini, afurahi kidogo. Wala sikumwambia. Nikaenda kliniki na binti yangu."

Inspekta alikuwa ameshika kikombe. Alikirudisha mezani taratibu. Moyo wake ulimwuma, na alichukia kwamba wakati huohuo kitu ndani yake kilikuwa kimefurahi kwa kupata jibu.

"Kwani mafuta yana nini?" aliuliza mama.

"Nauliza tu, mama," alisema Inspekta. Akaaga akaondoka.

Fundi Saa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Inspekta alimtoa sajini nje, akaketi.

"Ulitaka kupiga birika," alisema.

Mzee alitazama meza.

"Ulitaka ligonge ting mbele ya magoti yake, aruke, amwagike chai. Basi. Ukainua mtutu kama unavyoinua siku zote. Bunduki ikalipuka mkononi. Ukaona moshi, ukanusa, na pale pale ukajua kilichotokea. Na ukajua ni nani, kwa sababu chumba kile hakuna mwingine anayeingia ila mkeo."

"Nyamaza," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Nakuomba, mwanangu."

"Ukapiga vidonge vingine kwenye matambara mpaka mafuta yakaisha. Ukaupangusa mtutu."

"Usiandike mafuta."

"Nisipoandika, bunduki yako haiwezi kuua, na mkweo anapelekwa mahakamani."

"Andika kwamba niliyatia mimi. Makusudi. Ili imuue."

"Basi unanyongwa wewe. Nikiandika ukweli, hukukusudia. Utafungwa, lakini utatoka. Utamwona mjukuu wako."

Mzee alifunika uso kwa viganja. "Yule mwanamke," alisema, "tangu tuoane hajaigusa bunduki yangu. Anaichukia. Siku moja tu amenionea huruma. Nitoke jela, nirudi nyumbani, nimkute amekaa miaka yote anaijua kazi ya mkono wake? Hapana. Bora nisirudi, lakini yeye alale usingizi."

Inspekta aliweka kalamu chini. Sheria aliijua, na sheria haikuwa na kifungu cha jambo lile. Alikuwa bado anatafuta neno wakati mlango ulipogongwa na sajini akachungulia.

"Afande, kuna mama hapa. Nimemzuia, hazuiliki."

Mama aliingia akiwa na uzi mweupe umemshikilia kwenye mkono wa gauni. Hakumtazama mumewe. Alisimama mbele ya Inspekta.

"Binti yangu, umekuja kwangu, umeuliza habari za mafuta, umeacha chai umeondoka. Mtu haachi chai namna ile bure. Mtaa mzima unaongea habari za moshi. Na mimi napika kila siku. Mafuta yakipata moto nayajua."

"Rudi nyumbani," alisema mzee. "Hujui unachosema."

Sasa ndipo alipomgeukia.

"Wewe ulikuwa unanificha?"

Mzee aligeuzia uso ukutani.

"Unanificha tone la mafuta, halafu unaniondolea mume kabisa. Hesabu hiyo umeipiga na nani? Na binti yako akiniuliza baba aliua mtu makusudi kwa nini, nimjibu nini?"

"Nilitaka uwe na amani."

"Amani ya mjane." Sauti yake kubwa ilikatika, akaitafuta tena. "Sikia. Mafuta niliyatia mimi. Hilo langu, nitalia nalo mwenyewe, wala huwezi kunililia. Lakini kumwelekezea mtu bunduki usoni kwa sababu ya kuchekwa, hilo si mafuta. Hilo lako. Usinibebee langu, na lako mimi sikubebei."

Sajini, mlangoni, alijitia kutazama dari.

Mama alivuta kiti akakaa kando ya mumewe, mikono yake miwili juu ya meza, mbali na ya mzee.

"Andika, binti yangu," alisema. "Anza naye. Mimi nitafuata."

Inspekta alichukua kalamu. Mzee alikaa muda mrefu akitazama ile mikono midogo yenye alama za sindano. Alipofungua mdomo, alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Nililenga paji la uso wake. Nilijua kidonge kitashuka. Lakini nililenga uso wa mtu, na nilipokuwa nimeulenga, nilifurahi."

Hapo ndipo mkewe alipomshika mkono.